Likizo ya Familia Ngazija: Jinsi ya Kupanga Wiki Moja Chini ya Mlima Karthala

Familia nyingi za kwetu zikiwaza likizo ya kisiwani huwaza Unguja, na zenye mfuko mpana zaidi huwaza Shelisheli au Mauritius. Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, hakitajwi. Ajabu ni kwamba kutoka Dar es Salaam ni saa moja na ushei angani, watu wake ni ndugu zetu kwa damu na kwa dini, na lugha yao mtoto anayekua na Kiswahili ataanza kuiokoteza siku ya pili. Tena kuna kitu ambacho Unguja haina: mlima wa moto. Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ni volkano hai, na ardhi yote utakayokanyaga huko imetokana na moto wa chini.

Mwongozo huu ni wa wazazi wanaosafiri na watoto. Shauri langu kubwa nalitoa mapema: msiifunge safari nzima kwenye kupanda kilele. Ngazija volkano iko kila mahali, mpaka pale mnapoogelea, na mtoto wa miaka sita anaweza kuiona, kuigusa na kuielewa bila kupanda mlima wowote. Ukianza kupanga kutokea hapo, mengine yote yanakuwa mepesi.

Hatua ya 1: Chagua majira

Mwaka wa Ngazija unafuata pepo zilezile za pwani yetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kusi: hewa kavu, jua lisilochoma sana, njia za mlimani zinapitika. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni kaskazi: joto, mvua nyingi, na hatari ya tufani. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na kisiwa hiki Aprili 2019 na kuacha nyumba zilizobomoka na migomba iliyolala. Likizo ya Desemba, basi, si chaguo zuri hata kama shule zimefungwa.

Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri, lakini ndipo Wangazija wanaoishi Ufaransa wanaporudi nyumbani kwa wingi kwa ajili ya harusi kubwa za kimila. Tiketi, vyumba na magari ya kukodi hupanda bei na kuadimika. Kama lazima uende miezi hiyo, weka nafasi mapema sana. Faida yake ni kwamba watoto watashuhudia ngoma na maandamano ya harusi mitaani. Kwa familia ya Tanzania naiona Juni kuwa bora kuliko yote, kwa kuwa shule zimefungwa, kusi imeshika na wageni bado hawajajaa. Mwezi wa Ramadhani ni mzuri kwa anayetaka kufunga pamoja na wenyeji, lakini kwa wenye watoto wadogo wanaohitaji chakula mchana ni taabu, maana migahawa mingi hufunga.

Hatua ya 2: Karatasi, pesa na dawa

Viza kwa kawaida hutolewa uwanjani mnapofika, nayo hulipiwa taslimu, kwa hiyo beba euro za kutosha kwa kila msafiri, watoto wakiwemo. Kila mtoto awe na pasipoti yake. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya idhini ya mzazi mwenzake na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Watu wa uhamiaji wana haki ya kuuliza, na swali hilo huulizwa wakati mtoto analia na foleni ni ndefu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano msiiache, kwa sababu mnatoka Afrika Mashariki.

Pesa ya huko ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwa euro: euro 1 ni karibu faranga 492. Hilo linarahisisha hesabu, kwani ukigawanya bei yoyote kwa 500 unapata euro kwa kukadiria. Mashine za kutolea pesa ni chache na kadi hazipokelewi sehemu nyingi, kwa hiyo bajeti yote ya safari iwe noti mkononi. Dola na shilingi ziacheni nyumbani.

Malaria ipo Ngazija. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari ukiwa na uzito wa kila mtoto ulioandikwa, kwa sababu dozi hufuata uzito. Bebeni vyandarua vyenu hata kama mwenye nyumba anasema anavyo, na dawa ya kupaka ya kuzuia mbu. Kwenye mfuko wa dawa weka ORS, dawa ya homa ya watoto, bandeji nyingi na dawa ya kusafishia vidonda. Kwa nini vidonda, utaona chini kwenye sehemu ya bahari. Huduma za hospitali kisiwani ni za kiwango cha chini, hivyo bima inayolipia kusafirishwa kwa dharura si anasa kwa familia.

Jambo moja la kuwaeleza wanafamilia wanaosoma ramani: Maore (Mayotte), kisiwa cha nne cha Komoro, kiko chini ya Ufaransa na kinahitaji viza nyingine kabisa. Usikubali kushawishiwa na mtu yeyote kuvuka kwa mashua kwenda huko.

Hatua ya 3: Makazi, na swali la maji

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza maji. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, ingawa mvua inanyesha kwa wingi. Kisiwa ni kichanga kwa umri wa miamba. Lava yake imejaa matundu na nyufa, na mvua ikianguka hupenya chini moja kwa moja badala ya kukusanyika juu. Ndiyo maana kila kijiji utakachopita utaona matangi ya saruji ya kuvuna maji ya mvua kutoka mapaani. Novemba 2005 Karthala ulipotema majivu, majivu hayo yaliingia kwenye matangi na kuwaacha maelfu ya watu bila maji safi ya kunywa.

Kwa hiyo uliza: nyumba ina tangi lake? Linajazwa na nini msimu wa kiangazi? Kuna pampu, na umeme ukikatika maji yanatoka? Umeme hukatika mara nyingi, basi bebeni tochi na pawabenki, pamoja na adapta ya soketi za Kifaransa za pini mbili za mviringo. Maji ya kunywa nunueni ya chupa au chemsheni. Na wafundisheni watoto kuoga kwa ndoo na kopo bila kumwaga ovyo, maana jirani yenu anatumia maji hayohayo aliyoyavuna miezi mitatu iliyopita.

Kuhusu mahali, nakushauri muwe na kambi moja tu, au mbili mkikaa zaidi ya wiki. Itsandra, kaskazini kidogo ya Moroni, ina ufuo wa mchanga mweupe na iko karibu na soko, maduka ya dawa na ofisi. Mitsamiouli, upande wa kaskazini wa kisiwa, kama kilomita 40 kutoka mji mkuu, ni tulivu zaidi, ina fukwe nzuri na iko karibu na mambo mengi ya volkano yanayowafaa watoto. Mimi ningelala Mitsamiouli usiku mwingi, kisha Itsandra usiku wa mwisho.

Hatua ya 4: Gari lenye dereva

Barabara kuu inazunguka kisiwa, lakini ina mashimo, na Wakomoro huendesha upande wa kulia. Baba au mama aliyezoea kushoto, kwenye barabara nyembamba yenye mbuzi na kona za kwenye lava, ana mzigo wa kutosha bila kuongezewa watoto wanaogombana nyuma. Kodisheni gari pamoja na dereva kwa siku mnazohitaji. Mkubaliane kabla: mafuta ya nani, saa ngapi anaanza, chakula chake cha mchana. Siku nyingine tumieni teksi za pamoja, ambazo hubeba abiria njiani kama zamani kwetu, na nauli huhesabiwa kwa kichwa.

Viti vya gari vya watoto haviko. Kama una mtoto mdogo, bebeni chenu.

Hatua ya 5: Bahari

Hapa ndipo Ngazija inapotofautiana kabisa na Unguja, na mzazi asipoelewa anaweza kupata ajali. Pwani ya Unguja ina mchanga mrefu na maji ya kina kifupi yanayokwenda mbali. Ngazija ni mlima uliosimama kutoka sakafu ya bahari. Miamba ya matumbawe ni ukanda mwembamba tu, na baada yake kina huporomoka ghafla. Hatua kumi mtoto anasimama, ya kumi na moja hana chini.

Kanuni za familia ziwe hivi. Mtu mzima mmoja anakuwa ndani ya maji, upande wa bahari kuu, na watoto wanabaki kati yake na nchi kavu. Watoto wasiojua kuogelea wavae jaketi okozi mlizobeba wenyewe. Kila mtu avae viatu vya majini au raba za zamani, maana mwamba wa lava ni mkali kama vipande vya chupa na kidonda chake hakiponi haraka kwenye maji ya chumvi. Ogeleeni maji yakijaa au yakiwa katikati. Yakipwa, fukwe nyingi hubaki miamba mitupu, wakati mzuri wa kuangalia kaa na samaki wadogo kwenye vidimbwi badala ya kuogelea. Siku za bamvua muulizeni mvuvi kabla ya kuingia.

Kipindi cha kusi, pwani ya kaskazini imekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo Mitsamiouli na Maloudja huwa na maji matulivu. Karibu na hapo kuna ghuba iitwayo kwa Kifaransa Trou du Prophète, iliyozungukwa na nchi karibu pande zote, ambayo kwa watoto wadogo naiona salama kuliko fukwe za wazi. Upande wa mashariki kuna Chomoni, ambako mchanga mweupe na lava nyeusi vimekutana. Pelekeni chakula, mkae kutwa.

Mavazi: kisiwa ni cha Waislamu karibu wote, na fukwe ziko mbele ya vijiji. Wanawake waogelee na nguo za kufunika, kama vile dira jepesi au fulana na suruali nyepesi, na wanaume wasitembee vifua wazi nje ya ufuo. Leso moja begani inatatua mengi.

Hatua ya 6: Volkano bila kupanda

Tengeni siku mbili kamili kwa hili, moja ya kaskazini na moja ya kusini-magharibi.

Siku ya kaskazini anzeni na Lac Salé, karibu na kijiji cha Bangoi-Kouni. Ni kreta, yaani shimo la volkano, iliyokaa ukingoni kabisa mwa bahari, na ndani yake kuna ziwa la maji ya chumvi ambalo rangi yake hubadilika kadiri jua linavyosogea, kutoka kijani hadi buluu nzito. Wenyeji wanasimulia juu ya kijiji kilichozama hapo kwa sababu watu wake walimnyima mgeni maji ya kunywa. Msimulieni mtoto hadithi hiyo palepale, kwenye kisiwa ambacho maji ni tabu, aone kwa nini kunyimana maji ni dhambi kubwa huko. Shikeni mikono ya wadogo, ukingo hauna uzio. Kisha endeleeni hadi upande wa Ivoini, kwenye mgongo wa mawe yaliyochongoka unaoitwa Mgongo wa Joka. Panda kidogo, tazameni bahari, mrudi. Njiani, milima midogo yenye umbo la pia iliyokatwa ncha, iliyofunikwa majani, yote ni volkano ndogo zilizokwishazima. Wapeni watoto kazi ya kuzihesabu.

Siku ya kusini-magharibi nendeni Singani. Aprili 1977 ardhi ilipasuka chini kabisa ubavuni mwa Karthala, mbali na kilele, na lava ikateremka hadi kijijini na kufunika nyumba. Mpaka leo unaweza kusimama barabarani na kuona pale udongo wenye migomba unapoishia na mawe meusi yanapoanza. Hapa ndipo mtoto anapoelewa jambo ambalo vitabu vya shule huchora vibaya: moto hautoki lazima juu ya mlima, unaweza kutoka popote ubavuni, hata karibu na nyumba za watu. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa wengine huo ni uwanja wa nyumba ya babu yao.

Mkirudi, simameni Iconi, mji wa kale wa masultani wa Bambao, uliolala chini ya kilima cha volkano chenye jabali linaloangukia baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi kutoka Bukini (Madagaska) walipokuja kuteka watumwa, wanawake wa Iconi walijitupa kutoka jabalini wasichukuliwe. Kwa watoto wakubwa ni historia ya kuambiwa kwa utulivu. Wadogo waacheni wale maembe kwenye gari.

Malizieni Moroni kwenye jumba la makumbusho la CNDRS, kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti. Humo kuna gombesa, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwingine kwenye maji ya Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Gombesa hujificha mchana ndani ya mapango ya lava kwenye mteremko wa bahari, mita mia na zaidi chini, kwa hiyo yeye pia ni mpangaji wa volkano. Watoto wa Tanga wataipenda hadithi hii kipekee, maana samaki huyohuyo yupo kwenye maji ya kwao.

Hatua ya 7: Karthala kwa wanaouweza

Kupanda kilele ni kazi ya siku mbili na usiku mmoja kambini. Njia inayotumika sana huanzia Mvouni, juu ya Moroni, inapita mashamba, kisha msitu wenye unyevu, kisha vichaka vifupi, mpaka mnafika kwenye shimo kubwa la mlima, lenye upana wa kilomita 3 kwa 4. Njia nzima hakuna chanzo cha maji. Kila tone la kunywa na kupikia linabebwa mgongoni, na hilo peke yake linatosha kuamua nani aende.

Maoni yangu ni kwamba mtoto chini ya miaka 12 asipelekwe juu, na aliyezidi umri huo aende tu kama amezoea kutembea kutwa. Familia igawanyike bila kuoneana haya: mzazi mmoja apande na wakubwa, mwingine abaki ufuoni na wadogo.

Kwa wanaopanda: tafuteni mwongozaji wa kijijini anayejulikana na mwenye nyumba wenu, mlipe vizuri, na msimwache nyuma wala msimtangulie, kwa kuwa ukungu hushuka ghafla na njia hugawanyika. Bebeni hema, mablanketi au mabegi ya kulalia, makoti ya mvua na ya baridi, tochi za kichwani. Msisimame kwenye mdomo wa kreta, kingo zake ni majivu na mawe yasiyoshikana. Mkisikia harufu kali ya kiberiti, geuzeni. Mwaka 1903 gesi ya mlima huu iliua watu 17. Mara ya mwisho Karthala ulilipuka Januari 2007, lakini kutulia si kulala. Moroni kuna kituo cha uangalizi wa volkano kinachopima mitetemo yake, na mwongozaji mzuri huulizia hali kabla ya kuondoka. Akisema hapana, msibishane naye.

Hatua ya 8: Mji, chakula na adabu

Tengeni asubuhi moja kwa Moroni ya kale. Msikiti wa Ijumaa wa zamani, wa mwaka 1427, umesimama mbele ya bandari ndogo yenye mawe meusi, na nyuma yake vichochoro vitawakumbusha Mji Mkongwe na Lamu. Kisha soko la Volo-Volo kwa matunda, vanila na karafuu.

Chakula hakitawasumbua watoto. Kuna pilau, ndizi za nazi, samaki wa kuchoma na mataba, ambacho ni kisamvu cha nazi. Wakubwa waonje kamba kochi kwa mchuzi wa vanila. Putu ni pilipili. Iwekeni mbali na wadogo.

Salamu kwanza, kila mahali. Mtoto humsalimu mkubwa kwa "Kwezi" naye hujibu "Mbona". "Marahaba" huko ni asante, waambieni watoto mapema. Mkialikwa nyumbani kwa watu, nendeni na kitu mkononi, na mle mnachopewa.

Mkiwa na siku za ziada

Kati ya visiwa vingine viwili vya Komoro, ongezeni Mwali, si Anzuani, kama watoto wanapenda wanyama. Kijijini Itsamia kasa wa kijani hupanda ufuoni kutaga mayai mwaka mzima, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda na kuwaongoza wageni usiku. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita karibu. Nendeni kwa ndege, si kwa boti ndogo, na mrudi Ngazija angalau siku mbili kabla ya ndege ya nyumbani, maana safari za kati ya visiwa huahirishwa bila taarifa ndefu.

Siku ya kurudi

Uwanja wa Hahaya uko mwendo wa kama kilomita 20 kaskazini ya Moroni, kwa hiyo anayelala Mitsamiouli hahitaji kushuka mjini asubuhi hiyo. Mafuta ya langilangi na chupa zozote za maji ziende kwenye begi kubwa, zikiwa zimefungwa mifuko miwili. Vanila nunueni inayonyumbulika na kung'aa mafuta. Iliyokauka na kukatika imepoteza harufu. Kagueni mifuko ya watoto kabla hamjatoka: matumbawe na magamba ya kasa yarudi ufuoni. Faranga zilizobaki badilisheni mjini siku moja kabla, kwani Dar hazina mnunuzi.